Jumamosi Katika Msitu wa Mabira

Kijana wa Kitanzania aendaye kusoma Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, hashindwi na vilima vya Kampala wala matoke. Humshinda upweke wa lugha. Sokoni Wandegeya watu husemezana Kiganda. Kiswahili wengi walikijua kuwa lugha ya kambini, na katika utawala wa Idi Amin (1971–1979) walikisikia vizuizini, mbele ya mtutu wa bunduki. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, ila wazee hawajasahau.

Rafiki zangu wawili Waganda walinichukua Jumamosi moja, tukashika barabara ya Jinja. Namawojjolo wachuuzi walituzonga dirishani na kuku wa kuchoma vijitini. Tukanunua, nani angekataa? Kisha Mabira: kilomita za mraba zipatazo 300 za kivuli na ubaridi. Mwaka 2007 Serikali ilipokusudia kutoa robo yake ipandwe miwa, watu waliandamana Kampala, wengine wakafa, na msitu ukasalimika.

Aliyetuongoza msituni alikuwa askari mstaafu. Nilipomwamkia, "Shikamoo, mzee," aliitika marahaba kwa furaha. Wenzangu wakanyamaza, babu ya mmoja wao alichukuliwa na askari mwaka 1977, asirudi. Mzee akagonga shina nene. "Huu ni mvule."

Mjukuu yule akageuka. "Nasi twauita muvule!"

Tangu hapo tukawa tunatafuta: mti, omuti, nyama, ennyama, nyumba, ennyumba. Usiku tulipopita Mukono tulikuwa bado tunahesabu.