Safari ya Mugumu: Mabinti Wasio na Likizo



Atokaye Mwanza kwenda Musoma huwa na ziwa upande wa kushoto na nyika za Serengeti upande wa kulia. Afikapo Makutano hukata kulia, akapita Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, kisha Nata, hata akafika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Wageni wengi huja pande hizi kutazama nyumbu. Mimi, mwalimu mstaafu, nilikwenda kuwatazama wanafunzi.

Miongoni mwa Wakurya, ukeketaji hufanywa hasa mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, katika miaka iamuliwayo na wazee wa koo. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na ndoa huleta ng'ombe zizini. Binti anayekimbia huonekana amemnyima baba mali na heshima, na wapo wazazi wasiokubali kumpokea tena. Hao ni mayatima ambao wazazi wao wangali hai.

Katika nyumba ya hifadhi niliyoizuru, binti wa kidato cha pili alinieleza kuwa kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, lakini hajamwona baba yake tangu Desemba ya mwaka juzi. Walezi hujaribu kwanza kuwapatanisha na wazazi; wengine hurejea, wengine hawana pa kurejea.

Ada si kikwazo kikuu, kwani tangu mwaka 2016 serikali imeifuta hadi kidato cha nne. Kinachokosekana ni kitanda, unga, sare, sodo na taa ya kusomea. Zaidi ya hayo, bweni linapofungwa wenzao hufunga masanduku kwenda makwao. Wao lazima wapate pa kulala.

Sisi tulio ugenini tumezoea kupeleka nguo kuukuu mara moja kwa mwaka. Tumbo halingoji mwaka. Afadhali mchango mdogo wa kila mwezi, baada ya kumwuliza afisa ustawi wa jamii wa wilaya ni nyumba ipi iliyosajiliwa, na kudai stakabadhi. Wala tusiombe picha za nyuso zao: anayejificha hatangazwi.

Desemba inakuja. Tujipange mapema, inshallah.