Usukani wa Tezi na Omo

Neno usukani lilizaliwa baharini. Tulilipokea kutoka Kiarabu, likawa jina la ule ubao wa nyuma ya chombo unaokipa mwelekeo. Yalipokuja magari, wazee wetu hawakuhangaika kutafuta neno jingine: waliupandisha usukani pwani, wakamkabidhi dereva. Katika safari hiyo neno lilihama pia kutoka tezi hadi omo, kwa maana jahazi hugeuzwa na nyuma yake, ilhali gari hugeuzwa na magurudumu ya mbele.

Nimelitafakari hilo miezi hii ambapo mimi na mjukuu wangu wa darasa la saba tunajenga gari la matofali ya plastiki linaloweza kugeuzwa na magurudumu yote manne. Matofali yenyewe ni LEGO, yatokayo Denmark, ambayo mwanangu aishiye ughaibuni alituletea. Muundo wa tofali hili uliombewa hataza mwaka 1958, na tofali la wakati ule hushikana na la leo bila ugomvi. Matundu ya vipande vyake yameachana milimita 8 kamili, basi kila umbali unahesabika kwa vidole.

Msomaji ataniuliza: ya nini magurudumu manne? Jibu limo katika hesabu. Gari letu lina nafasi ya matundu 24 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 192. Magurudumu ya mbele peke yake yakipinda nyuzi 30, gari huzunguka kitovu kilicho umbali wa milimita 333 hivi kutoka mstari wake wa kati. Ya nyuma nayo yakipinda nyuzi 30 kuelekea upande wa pili, kitovu husogea hadi milimita 166 hivi. Nusu nzima! Gari lililohitaji ua mzima sasa lageuka ukumbini.

Magurudumu yote manne yakipinda upande mmoja, huzuka jambo la ajabu zaidi: gari halizunguki kabisa, bali huteleza mshazari huku uso wake ukitazama mbele. Mjukuu wangu alipouona mwendo huo mara ya kwanza alipiga kelele, "Bibi, linakwenda kama kaa!" Hakuwa amesoma popote kwamba wahandisi wa nchi za mbali nao humwita kaa. Macho yake na lugha yake vilimtosha. Elimu hii haikuishia kwenye michezo ya watoto: mwaka 1987 Honda walitoa Prelude ambayo magurudumu yake ya nyuma yalifuata ya mbele dereva alipogeuza usukani kidogo, kisha yakapinga alipougeuza sana.

Kazi ngumu ni kuziweka hali zote tatu katika gari moja: ya kawaida, ya kukata kona fupi, na ya kaa. Hapa tulimwendea fundi wa gereji, si kamusi. Fundi ana neno difu, na difu ndiyo iliyotuokoa. Fimbo ya usukani itokayo mbele huingia difu upande mmoja; fimbo iendayo nyuma hutokea upande wa pili; katikati kuna kasha lililobeba giya ndogo zinazoziunganisha. Ekseli ya nyuma tumeijenga kwa mpangilio uleule wa mbele, hivyo fimbo zikizunguka njia moja, magurudumu hupinda upande mmoja.

Kanuni ya difu ni fupi: jumla ya mizunguko ya fimbo mbili ni mara mbili ya mizunguko ya kasha. Likishikwa kasha lisizunguke, jumla ni sifuri, basi fimbo ya mbele ikienda kulia ya nyuma haina budi kwenda kushoto: ndiyo kona fupi. Kasha likifungwa pamoja na fimbo ya mbele, vyote huzunguka kama kitu kimoja: ndiye kaa. Na ikishikwa fimbo ya nyuma, kasha likaachwa huru, magurudumu ya nyuma hubaki yamenyooka na gari likawa kama magari mengine. Kwa hiyo swichi yetu ni kishikio kimoja chenye vituo vitatu, na kila kituo huamua nini kifungwe na nini kiachwe.

Kuna sharti moja. Ukibadili hali magurudumu yakiwa yamepinda, upindaji huo huganda katika ekseli ya nyuma, na gari litatembea limekwenda upogo hata usukani ukiwa katikati. Ndiyo maana waendeshaji wa mitambo mikubwa ya ujenzi nao hufundishwa kunyoosha magurudumu kwanza. Ili mjukuu asisahau, nilimtungia ubeti, kwa kuwa mizani hukaa kichwani kuliko maelezo:

Ukishika kasha lake, mbele na nyuma hupinga,
Lifunge na fimbo yake, njia moja zitalenga,
Fimbo ya nyuma ishike, ya mbele yenda yatanga,
Kwanza yote yanyooke, ndipo upya ukapanga.

Ulibaki ulegevu. Meno ya giya za plastiki hayabanani sana, na difu huongeza nafasi zake, hata magurudumu ya nyuma yakawa yanacheza kama jino la mtoto. Dawa yake ni kuiacha difu izunguke haraka, kisha kuupunguza mwendo mwishoni: giya ya meno 8 huizungusha ya meno 24, na ulegevu uliotoka kwenye difu hugawanyika mara tatu kabla ya kufika gurudumuni. Tulifanya hivyo mbele na nyuma, ili pembe zilingane. Mjukuu aliuliza kwa nini tusigawanye mara tisa. Nikamwambia ajaribu. Alijaribu, akaona kwamba usukani sasa wahitaji kuzungushwa mno ndipo gari ligeuke, akairudisha tatu mwenyewe.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike. Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na kimya cha kidato cha kwanza nakijua. Watoto waliokuwa wakiuliza "kwa nini" darasa la saba huingia chumba ambamo masomo mengi yamegeuka Kiingereza, na wengi hunyamaza. Si kwamba akili imepungua. Mtu hawezi kubishana kwa maneno asiyoyamiliki. Hukariri fasili, hupata alama, na giya hubaki mchoro ubaoni.

Januari mjukuu wangu ataingia chumba hicho. Difu atakutana nayo kwa jina refu la kigeni, na sina hofu na jina hilo: jina jipya hushika upesi juu ya kitu ambacho mkono umekwisha kukijua. Hofu yangu ni kwa wale watakaopewa jina kabla ya kitu. Lugha iliyoutoa usukani tezi ikaufikisha omo, na ambayo kinywani mwa mtoto ilimwona kaa ndani ya gari, haikosi nguvu ya kubeba fizikia. Inakosa nafasi mezani, penye giya na bisibisi.