Siku Sukari ya Mdogo Wangu Iliposhuka

Yako mambo ambayo mtu hujifunza darasani, akayaandika vizuri katika daftari lake, wala asiyajue hasa mpaka yamkute nyumbani. Jambo moja la namna hiyo lilinipata katika likizo ya mwezi wa Juni, nami nimeona yafaa niliandike katika gazeti letu, huenda likamsaidia mtu.

Kwetu ni Nzega, katika kijiji kilicho kando ya barabara iendayo Tabora. Mdogo wangu wa kike ana umri wa miaka 11, naye ana ugonjwa wa kisukari tangu alipokuwa na miaka 8. Watu wengi hudhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Sivyo. Iko aina inayowashika watoto, ambayo kongosho huacha kutengeneza insulini, wala hailetwi na kula peremende. Mtoto wa namna hii hupigwa sindano ya insulini kila siku, akiikosa hufa. Sisi hatuna friji, kwa hiyo chupa ya dawa hukaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na katikati yake mna mchanga uliotiwa maji. Maji yale yanapokauka hupoza chungu, kama vile mtungi upozavyo maji ya kunywa.

Muda wote huo mama ndiye aliyepiga sindano. Mimi nalikuwa shuleni. Kisukari nalikijua kwa vitabu tu, na katika mtihani wa Biolojia nalipata alama nzuri juu yake.

Siku moja mama aliondoka alfajiri kwenda mjini kuuza mpunga, akaniambia, "Mwanangu, mpige sindano mwenzio, ngoja nusu saa, kisha ale uji na michembe. Asiende jarubani kabla ya kula." Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Sindano nikapiga vema. Lakini mara mkokoteni wa kubebea mpunga ukafika mapema, nami nikaona tutachelewa. Nikasema tutakula tukirudi. Uji ukabaki juu ya mafiga.

Twalifanya kazi jua likiwa kali. Baada ya saa moja hivi nikamwona mdogo wangu ameketi. Nikamwambia ainuke. Akanijibu kwa ukali, "Niache!" Yeye hana desturi ya kunijibu hivyo, nami nikakasirika nikamwita mvivu mbele ya watu. Jasho lilikuwa likimtoka, nikadhani ni la jua. Mundu ukamwanguka mkononi, nikadhani ni hasira. Kisha akasema maneno yasiyokuwa na maana, akaanguka, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Nalisimama kama mti. Jirani mmoja akasema mtoto amepandwa na shetani. Mwingine akasema ni malaria, apewe maji. Nikashika kibuyu cha maji nimtie kinywani, ndipo Bibi alipopaza sauti, "Acha! Asiyejitambua hanyweshwi. Maji yataingia mapafuni!"

Bibi yangu hajui kusoma. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza mjukuu wake kliniki, na yote aliyofundishwa na muuguzi ameyashika. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akatuzuia tusimtie kijiko wala kidole katikati ya meno. Kutetemeka kulipokoma, alifungua pindo la khanga akatoa kichupa cha asali. Akachovya kidole, akapaka kidogo tu ndani ya shavu, nje ya meno. Akangoja, akapaka tena. Mimi alinituma nikatafute bodaboda na kuleta kipimo cha sukari kutoka nyumbani.

Niliporudi mdogo wangu alikuwa amefumbua macho na aweza kumeza, naye Bibi alikuwa amemlisha vijiko viwili vya chai vya asali. Kipimo kikaonyesha 2.8. Mwenye kutumia insulini sukari yake ikishuka chini ya 4, hiyo ni hatari tayari. Baada ya dakika 15 tukapima tena, ikawa 5.1. Hapo ndipo alipopewa uji, kisha tukampeleka hospitali ili aangaliwe. Daktari alimsifu Bibi. Kwangu aliuliza neno moja tu, "Baada ya sindano alikula saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Insulini hutoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini. Kazi ya mikono nayo hula sukari. Chakula kikikosekana, damu hubaki tupu, na ubongo hauwezi kukaa bila sukari. Ndiyo sababu mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huona njaa, huwa mkali bila sababu, husema ovyo, na mwisho huzimia. Ule ukali niliouita uvivu ulikuwa ni ugonjwa wenyewe ukiniita. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwalimu wetu wa Biolojia aliposikia habari hii alituambia jambo lililotuchekesha: hata paka hupata kisukari na hupigwa sindano za insulini. Paka huyo sukari ikimshuka huyumba kama mlevi, na mwenyewe humpaka asali kwenye ufizi, kisha humkimbiza kwa daktari wa mifugo. Tulicheka, lakini mimi nalifikiri moyoni kwamba huyo mwenye paka alikuwa na maarifa kuniliko.

Inafaa tukumbuke pia kwamba dawa hii si ya zamani sana. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata kwa kufanya majaribio juu ya mbwa. Mwezi wa Januari 1922 alipigwa sindano hiyo kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, naye akapona kifo. Kabla ya hapo mtoto kama mdogo wangu hakuwa na tumaini.

Basi, wenzangu, nawaomba mshike haya. Mwenye kisukari akitetemeka au akibadilika tabia, naye aweza kumeza, mpeni mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari, au asali. Ngojeni dakika 15, mpimeni, na kama bado mrudieni. Kisha ale chakula. Akizimia msimnyweshe kitu, wala msimpige insulini; mlazeni kwa ubavu, mpakeni asali au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, na mkimbilieni hospitali. Lakini asali haifai kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Usiku ule nalimweleza mama yote, wala sikuficha habari ya uji. Mama alinyamaza sana. Asubuhi yake akanipa bomba la sindano mkononi, akasema, "Mpige wewe. Lakini leo uji uwe mezani kwanza." Na hivyo nalifanya kila siku mpaka likizo ikaisha. Mdogo wangu nalimwomba radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimwita mvivu.

Karibuni atamaliza shule ya msingi, naye asema ataka kusoma shule ya bweni kama mimi. Mama anaogopa, kwa maana bwenini hakuna Bibi mwenye kichupa katika pindo la khanga. Mimi namwambia asiogope, kwamba wanafunzi wanaweza kufundishwa. Ndugu wasomaji, msinifanye mwongo. Mkimwona mwenzenu anatetemeka mstarini au anasema ovyo prepo, msimcheke. Mwulizeni kama amekula.