Mpima Ramani wa Nchi ya Barafu

Kusini kabisa mwa dunia, ng'ambo ya bahari zenye dhoruba kali, iko nchi isiyo na mwenyeji. Jina lake ni Antaktika. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba milioni 14, na karibu yote imefunikwa na barafu ambayo unene wake, kwa wastani, wakaribia kilomita 2. Huko hakuna shamba, wala mti, wala kijiji. Wakati wa kiangazi jua halitui kwa miezi mizima, na wakati wa baridi halionekani kwa miezi vilevile.

Watu wengi wamesikia habari za wale waliokwenda huko kushindania Ncha ya Kusini. Waliosikia habari za Bwana Frank Debenham ni wachache. Yeye hakufika kwenye Ncha hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miamba na kuchora ramani, na kazi hiyo ilikuja kumpeleka hata kwenye shida ya maji ya wakulima wa Afrika.

MWANAFUNZI WA MIAMBA

Debenham alizaliwa mwaka 1883 katika mji mdogo wa Bowral, Australia, ambako baba yake alikuwa kasisi. Kwa muda alikuwa mwalimu wa shule, kisha akarudi Chuo Kikuu cha Sydney kujifunza elimu ya miamba, yaani jiolojia, kwa Profesa Edgeworth David. Profesa huyo alikuwa amekwisha kuijua baridi ya Antaktika: mwaka 1909 alikuwa mmoja wa watu watatu waliosafiri kwa miguu hadi mahali pa ncha ya sumaku ya kusini. Basi Kapteni Scott wa Uingereza alipokuwa akitafuta wataalamu wa kufuatana naye mwaka 1910, Debenham alichukuliwa. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Scott alikuwa na nia mbili: kufika kwenye Ncha, na kuijua nchi yenyewe. Nia ya pili ndiyo iliyokuwa kazi ya Debenham. Mapema mwaka 1911 yeye na wenzake watatu walivuka kwenda upande wa magharibi, penye milima mikubwa. Huko waliona ajabu: bonde refu lisilo na barafu sakafuni, bali mawe makavu na changarawe tupu, na ndani yake ziwa lililoganda.

JINSI RAMANI ILIVYOCHORWA

Chombo chake kikubwa kilikuwa ubao bapa uliowekwa juu ya miguu mitatu, na juu yake karatasi na rula ya kulengea. Kwanza mpimaji hupima sawasawa umbali kati ya mahali pawili. Akisimama mahali pa kwanza, huulenga mlima ulio mbali na kuchora mstari kuuelekea. Kisha huhama na ubao wake mpaka mahali pa pili, akaulenga mlima uleule na kuchora mstari mwingine. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo mlima ulipo. Kwa njia hiyo vilele, rasi na mito ya barafu huingia katika karatasi kimoja kimoja.

Kazi hiyo ni nyepesi katika nchi ya joto. Lakini katika baridi ile, mtu hawezi kushika kalamu ya risasi vyema akiwa amevaa glavu nene, na akizivua vidole hufa ganzi mara moja. Upepo huutikisa ubao. Dira nayo haitegemewi sana, kwa kuwa ncha ya sumaku iko karibu. Wenzake huweza kutembea ili kupata joto, bali mchora ramani hana budi kusimama kimya.

Mnamo Novemba 1911 Debenham aliondoka tena, pamoja na Griffith Taylor, Tryggve Gran na Robert Forde. Kuondoka kwao kulikuwa kumechelewa kwa sababu Debenham aliumia goti akicheza mpira. Walivuta vyombo vyao kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya barafu, mpaka ghuba iitwayo Granite Harbour. Hapo walijenga jiko kwa mawe, wakaliezeka kwa ngozi za sili, na mafuta ya sili ndiyo yaliyokuwa kuni zao. Kutoka hapo walichunguza miamba ya nchi ile na kuichora.

Meli ilikuwa ije kuwachukua Januari 1912, lakini barafu ya bahari haikuvunjika, nayo haikuweza kuwafikia. Mapema Februari waliacha vitu vingi wakashika njia ya kusini kwa miguu. Meli iliwapata katikati ya mwezi huo. Chakula walichokuwa wameweka Cape Roberts hakikupotea bure: miezi kadhaa baadaye watu sita wa kundi jingine la Scott walipita hapo wakiwa wamedhoofika kwa njaa, wakakikuta.

MAWE YA WALIOKUFA

Scott na wenzake wanne walifika kwenye Ncha tarehe 17 Januari 1912, wakakuta Amundsen wa Norway amewatangulia. Wote watano walikufa njiani wakirudi. Watafutaji walipoikuta hema ya mwisho mnamo Novemba 1912, karibu na maiti ya Scott na wenzake wawili palikuwa na ratili 35 za mawe. Watu wale, ingawa walikuwa wakifa, hawakuyatupa. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na alama za majani ya mmea wa kale ambao pia hupatikana katika miamba ya makaa ya mawe ya Afrika ya Kusini na India. Kumbe nchi ile ya barafu iliwahi kuwa na misitu, na zamani sana ilikuwa imeungana na Afrika.

KUTOKA BARAFUNI MPAKA VISIMANI

Debenham alirudi, akaenda vitani, akajeruhiwa. Mwaka 1920 alianzisha Cambridge chuo cha uchunguzi wa nchi za ncha za dunia, kwa sehemu ya fedha ambazo watu walichanga kwa ukumbusho wa Scott. Alikiongoza hadi mwaka 1946, na tangu 1931 alikuwa pia profesa wa kwanza wa jiografia chuoni hapo.

Kisha akageukia Afrika. Mwaka 1948 ilichapwa ripoti yake juu ya maji katika nchi ambazo leo ni Botswana, Zambia, Malawi, Tanzania, Kenya na Uganda. Mtu aweza kushangaa: mjuzi wa barafu ana nini na ukame? Lakini kazi ni ileile. Wakulima wa Ukambani wajua tangu zamani kwamba mto uliokauka huficha maji chini ya mchanga. Anayejua miamba huuliza zaidi: mwamba upi hupitisha maji, upi huyazuia, na lambo lijengwe wapi lisivuje? Majibu huwekwa katika ramani, ili mtu asichimbe kwa kubahatisha.

Debenham alifariki Cambridge mwaka 1965. Aliyekwenda kuona nchi isiyo na mkulima hata mmoja alimaliza safari zake akiwatafutia wakulima maji.