Mizani ya Kahawa

Kila alfajiri, kabla jiji la Dar es Salaam halijaanza kupiga honi, mimi huweka mizani ndogo juu ya meza ya jikoni na kupima gramu 15 za buni zilizokaangwa. Huzisaga kwa kisagio cha mkono, taratibu, nisiwaamshe waliolala. Kisha huchukua maji ya moto gramu 240 na kuyamimina juu ya unga uliotandazwa ndani ya karatasi ya kuchujia. Siyamimini kwa pupa. Kwanza huuloanisha unga tu, nikangoja nusu dakika uumuke na kutoa hewa iliyofungwa ndani yake, ndipo huongeza kidogo kidogo kwa mzunguko mpaka kikombe kijae.

Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi, alilala kwangu siku moja akanikuta katika ibada hiyo. Aliuliza sababu ya kupima. Nikamweleza kwamba kila gramu moja ya kahawa hupewa gramu 16 za maji. Yakizidi, kinywaji huwa chapwa, yakipungua, huwa kizito kupita kiasi. Alicheka akasema, “Kumbe hata kahawa yako ina mizani kumi na sita!” Tangu siku hiyo nimeshindwa kuitazama mizani ile bila kuukumbuka mstari wa shairi, nane kwa nane.

Nayasema haya nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watayaona ni maringo. Nami niliyaona hivyo zamani. Nimezaliwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, katika kihamba chenye migomba juu na mibuni chini, na hadi nilipofika chuo kikuu sikuwahi kunywa kahawa nyumbani kwetu. Tulikunywa chai. Kahawa tuliichuma, tuliimenya, tuliivundika, tuliiosha, tuliianika kwenye vichanja, tuliitia gunia tukaipeleka chama cha msingi. Ikirudi, ilirudi kwa sura ya ada ya shule, sare na bati la nyumba.

Shuleni tulifundishwa kwamba mahindi ni zao la chakula na kahawa ni zao la biashara. Nilipata alama zangu kwa jibu hilo, na sikutambua kwamba jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutuamulia jambo. Kinachoitwa biashara hakionjwi. Wahaya wa Kagera hawakufungwa na jina hilo: wao wana kahawa yao ya asili, ambayo huichemsha na matunda yake, wakaikausha na kumkaribisha mgeni kwa kumpa punje za kutafuna. Kwetu mlimani kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima walipounda chama chao mwaka 1925, na KNCU ilipozaliwa mwaka 1933, kilichowaunganisha kilikuwa bei, nacho kilikuwa kitu cha haki kupiganiwa. Ladha haikuwa katika ajenda.

Lugha yetu, hata hivyo, haikuisahau kahawa. Rangi ya udongo wenye rutuba tunaiita kahawia. Mahali pa kula na kunywa tunapaita mkahawa, ingawa katika mikahawa mingi niliyoingia bara, ukiagiza kahawa utaletewa maji ya moto na kopo la unga, huku chai ikichemka jikoni kwa furaha.

Nilipoanza kununua ile inayoitwa kahawa maalumu, nilikuta kwenye pakiti maneno ya kigeni yakieleza ladha: zabibu kavu, ganda la chungwa, sukari guru. Nilijifunza kwamba waonjaji waliofunzwa huipa kahawa alama kati ya 100, na inayofikia 80 au zaidi ndiyo hustahili jina hilo. Huionja kwa kijiko, wakiifyonza kwa kishindo ambacho mezani kwa mama kingeniletea kofi. Nilivutiwa, lakini niliona haya. Je, mimi mwana wa mkulima wa kahawa niazime ulimi wa wengine ili niijue kahawa ya kwetu?

Basi nilifungua daftari nikaanza kuandika kwa Kiswahili. Neno la kwanza lilikuwa ukakasi, ule mkauko unaoukamata ulimi unapouma ndizi mbichi. Washairi nao hulitumia kwa mstari usioteleza. Nikaandika uchachu, nikajitahadharisha kwamba uchachu wa ndimu si sawa na kuchacha kwa wali uliolala. Nikaandika kukereketa, kwa ile inayokwaruza koo, na kukolea, kwa ile ambayo kila kitu kimekaa mahali pake. Nilikuwa na hakika kwamba nimeanzisha jambo jipya.

Safari zilinipunguzia majivuno. Ninaposafiri hubeba mkobani kisagio, kichujio cha plastiki, karatasi zake na buni kidogo. Nilifika Unguja na mkoba huo, na jioni moja nikaketi barazani pale Jaws Corner, Mji Mkongwe. Kahawa ilimiminwa kutoka kwenye dele, nyeusi, chungu, katika vikombe visivyo na mkono, na kashata pembeni. Wazee walikuwa wakibishana kuhusu mpira, kisha siasa, kisha mpira tena. Nilimwambia mzee aliyeketi karibu yangu kwamba asubuhi nilijitengenezea kahawa nzuri sana chumbani. Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, ulikunywa na nani?” Sikuwa na jibu. Kisagio kilibaki mkobani mpaka nilipoondoka kisiwani.

Addis Ababa nilipita njiani, nikakaribishwa nyumbani kwa mwenyeji mmoja. Buni mbichi zilioshwa na kukaangwa mbele yetu, moshi wake ukapitishwa kwa kila mgeni aunuse, zikatwangwa, zikachemshwa katika jebena, birika lao la udongo. Kahawa wao huiita buna. Nikalisikia ndani yake neno letu buni, na lile la Waarabu, bunn. Humiminwa mara tatu kutoka unga uleule: ya kwanza ni abol, ya pili tona, na ya tatu, iliyo nyepesi kuliko zote, huitwa baraka. Neno hilo la mwisho sikuhitaji mkalimani. Niliwaza kwamba kwa kipimo cha mizani yangu kikombe kile cha tatu ni chapwa, lakini hakuna mgeni aliyethubutu kuondoka kabla ya kukinywa.

Safari hiyo ilikuwa ya kwenda Ujerumani, katika mji wa Dresden. Ndiko Melitta Bentz, mama wa nyumbani aliyechoshwa na machicha kinywani, alikotoboa kopo mwaka 1908, akaweka ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe, na kupata kichujio. Nilitaka kunywa kikombe kimoja katika mji huo kwa heshima ya karatasi ile. Katika mkahawa mdogo nilioingia, ubao wa siku ulikuwa umeandikwa Kilimanjaro. Nilikunywa polepole. Ilikuwa imekolea. Kisha nikalipa, nikafanya hesabu, na kikombe kikanikwama: bei yake ilizidi ile ambayo baba aliniambia alilipwa msimu uliopita kwa kilo nzima. Najua bei ile ilibeba kodi ya chumba, mshahara wa aliyenihudumia, meli na mkaangaji. Hata hivyo hesabu iligoma kutoka kichwani.

Usiku huo baba alipiga simu. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akasema, “Nimeamua kung'oa mibuni. Wenzangu wamepanda parachichi. Chulebuni inakula matunda, dawa ni ghali, na mimi nimezeeka. Nimeona nikuambie kwanza.”

Ningeweza kumweleza habari za ubao wa Dresden. Sikuthubutu. Mtu anywaye kikombe ughaibuni hana haki ya kumwamuru mwingine aendelee kuinama shambani. Nilimwomba jambo moja tu, asing'oe mpaka nije. Kwa kuwa maneno ya kawaida yalinishinda, asubuhi nilimtumia ubeti kwa simu:

Kahawa uliyopanda, leo imo kikombeni,
Jasho lako lilotanda, asubuhi kihambani,
Kila nchi ilokwenda, sifa zake ugenini,
Onja baba ukipenda, jina utaipa gani?

Hakujibu. Mama ndiye aliyeniambia kwamba aliusoma mara mbili, kisha akauliza kama nina afya njema.

Nilifika nyumbani mwezi mmoja baadaye. Ghalani kulikuwa na gunia la kahawa iliyokaushwa, bado ikiwa na ganda lake jembamba. Mama na mimi tuliitwanga kiasi kwenye kinu, tukapepeta kwa ungo mpaka zikabaki buni zenye rangi ya kijani iliyofifia. Nilizikaanga kwa sufuria juu ya moto wa kuni, nikikoroga bila kupumzika. Zikageuka manjano, zikawa kahawia, zikaanza kulia kama bisi. Niliziepua nikazipoza kwenye ungo. Nyumba nzima ilinukia harufu ambayo haikuwahi kuingia humo kwa miaka yote tuliyolima.

Tuliziacha zipumzike hadi kesho yake. Asubuhi nilipima, nikasaga, nikachuja, baba akitazama mizani yangu kwa makini kuliko alivyonitazama mimi. Aliifahamu mizani, maana maisha yake yote amesimama mbele ya mizani ya chama akiomba isimpunje. Hakuwahi kuiona ikipima cha kunywa.

Alikunywa funda moja, akakunja uso. “Sukari iko wapi?” Mama akacheka. Nilimwomba angoje ipoe kidogo. Akaweka kikombe chini, akaanza kusimulia habari za mfongo uliokauka, nami nikaona kwamba jaribio langu limekwisha. Kisha, bila kukusudia, kama mtu anyoshaye mkono kwa mazoea, akakinyanyua tena. Alinyamaza.

“Hii nai­jua,” akasema. “Ni ile harufu ya maua. Vuli ikianza kunyesha, mibuni yote ikawa myeupe kwa siku chache tu. Usiku hulali, unaisikia hadi kitandani.” Akanywa tena, akaugusisha ulimi kwenye kaakaa. “Lakini kuna ukakasi mwishoni. Humu mna mbichi. Nani alichuma?”

Mama aliacha kucheka. Ni yeye aliyechuma wakati baba alipolazwa, na kwa haraka ya kuwahi mvua alikuwa amekamua tawi zima, nyekundu na kijani pamoja. Hakuwa amemwambia mtu.

Nilibaki nimeshika birika. Neno ambalo daftarini niliona nimeligundua, mzee wangu alilitoa kinywani kama atoaye mbegu ya chungwa, na hakulikomea kwenye ladha: alilifuata hadi kwenye tawi na mkono uliolichuma. Mwonjaji angeipunguzia kahawa ile alama. Baba alikuwa amelisoma shamba lake ndani ya kikombe, na alikuwa ameingoja fursa hiyo maisha yake yote pasipo kujua kwamba anaingoja.

Msomaji angependa nimalizie kwa kusema kwamba mibuni iliokolewa. Sivyo. Kikombe kimoja hakipandishi bei, wala hakitibu chulebuni. Kabla sijaondoka, mistari miwili ya karibu na mfongo ilikwisha kung'olewa, na leo pana miche ya parachichi. Mistari iliyobaki imebaki. Sikuuliza ni kwa muda gani, naye hakusema. Alisema jambo moja tu nilipokuwa nafunga mkoba: “Hicho kisagio chako, huko mjini si vipo vingine?”

Nilikiacha juu ya meza, pamoja na kichujio na karatasi zote.

Siku hizi alfajiri nasaga kwa kisagio kipya, na Jumamosi simu hulia kabla kikombe hakijapoa. Ni baba. Naye amekwisha kuchuja kahawa yake, amemmiminia mama, na wakati mwingine jirani ambaye bado hajakubali kwamba kinywaji kile ni halali bila sukari. Wao ni watatu, na nikiongeza sauti yangu huwa tuko wanne. Kwa hiyo lile swali la mzee wa Jaws Corner nimeanza kulipatia jibu. Baba hunieleza alichokionja. Mara ni moshi wa jikoni mvua ikinyesha. Mara ni ndizi iliyoivia mtini. Wiki iliyopita alisema ilikuwa kama gunia jipya. Nilimwuliza kama hiyo ni sifa au lawama. Akafikiri. “Ni gunia jipya tu,” akajibu. “Wewe andika.”

Nami nimeandika.