SEHEMU YA 6: ILE ELFU KUMI YA UMOJA WA WANAFUNZI

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea watoto waliokwisha kua, wanaofunga begi kwenda chuo. Wenye wachanga msiondoke, miaka inakimbia.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Bunda, kaleta mjukuu kupimwa uzito hapa Musoma. Tulipomaliza akatoa simu kwenye kanga. "Sista, nisomee hapa. Binti yangu mdogo kachaguliwa chuo, wametuma karatasi ya malipo." Nikasoma: ada, bima ya afya shilingi 50,400, kitambulisho, na chini kabisa, umoja wa wanafunzi shilingi 10,000.

"Hiyo ya mwisho ndiyo nataka kuikata," akasema. "Kwanza sijui ni ya nini. Pili, nasikia huo umoja ndio wa migomo. Sijauza nyanya miaka yote hii ili mwanangu akafukuzwe kwa siasa."

Sikumjibu haraka, kwa sababu mimi huo umoja ndio ulionibakisha chuoni. Nilimsimulia, na leo nawasimulia nyie.

Nilikuwa mwaka wa pili. Mama yangu anauza dagaa Mwigobero, baba alishatangulia. Muhula wa pili nikagundua nina mimba ya miezi minne. Nasomea uuguzi, najua dalili zote, lakini kwangu mwenyewe nilijifanya sizioni! Mwenye mimba alishabadilisha namba ya simu. Nikaamua nitaondoka usiku, nipande basi, nikifika Musoma nitajua huko huko. Mitihani ilikuwa imebaki wiki tatu.

Niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja aliona begi. Hakunigombeza, alienda kumwambia kiongozi wa darasa letu. Yule kiongozi akampigia waziri wa afya. Sio wa serikali ya nchi jamani, waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi. Ni binti tu wa mwaka wa tatu. Alikuja saa nne usiku na kandambili miguuni, akakaa kitandani kwangu, akasema: "Ukitaka kuondoka ondoka, sikuzuii. Ila usiondoke bila karatasi."

Sikuelewa. Akanielewesha kwamba ukipotea tu chuoni, unahesabiwa mtoro, jina linafutwa na mkopo unakatika. Lakini ukiandika barua ya kuahirisha masomo, ukaambatanisha cheti cha daktari, ukapata kibali, nafasi yako inakungoja.

Asubuhi tukaenda wote. Tulipofika dirisha la kwanza, mtumishi mmoja akaniangalia tumbo, akasema mambo mengine mtu anajitakia mwenyewe, nirudi wiki ijayo. Mimi nilishageuka niondoke. Yule binti akatoa kitabu cha kanuni kwenye mkoba, akafungua ukurasa, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani mama, hapa panasema wiki ijayo?" Kisha tukaenda kwa Mshauri wa Wanafunzi. Ilichukua siku nne. Nikapanda basi na barua yenye muhuri.

Mama alilia, nisidanganye. Alilia siku mbili, hakwenda hata Mwigobero. Siku ya tatu akaniomba ile barua, akaifunga kwenye nailoni, akaiweka pamoja na cheti cha kifo cha baba. Mwaka uliofuata akaitoa, akaniambia, "Mtoto niachie, nenda." Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu.

Darasani kwetu kulikuwa na mwenzangu mwingine aliyepata shida kama yangu mwaka uleule. Yeye aliondoka kimya kimya. Alipotaka kurudi akaambiwa jina halipo. Darasani alikuwa ananizidi, na hilo silisemi kwa kumfurahisha mtu.

Sasa huo umoja unafanyaje kazi? Kila mwaka wanafunzi wanapiga kura, wanachagua rais wao na makamu. Wana bunge lao na spika, na wabunge wanatoka kwenye vitivo au mabweni. Rais anateua mawaziri: wa mikopo, wa afya, wa elimu, wa malazi, wa fedha. Majina makubwa, najua, watu wanacheka. Lakini bumu likichelewa, waziri wa mikopo ndiye anayekwenda na orodha ya majina kwa afisa mikopo wa chuo. Ukipelekwa kamati ya nidhamu, wa kumuuliza utaratibu na haki zako ni kiongozi wako. Sio jambo la mtaani pia, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inazitambua jumuiya za wanafunzi. Na vyuo vyote vina chombo chao cha pamoja kinaitwa TAHLISO.

Kuhusu hofu ya mama wa Bunda, ina ukweli wake. Sisi wa Mara tuna mfano wetu wa nyumbani. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanzia shule hapa Mwisenge mwaka 1934, alipofika Makerere mwaka 1943 yeye na wenzake walianzisha chama cha kusaidiana wanafunzi wachache waliotoka Tanganyika. Alijua mwanafunzi aliye mbali na kwao anahitaji wenzake. Lakini tarehe 22 Oktoba 1966, akiwa Rais, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Akawarudisha nyumbani karibu 400. Siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wale vijana walikubaliwa kurudi baadaye, ila fikiria mama aliyemwona mwanawe anashuka kwenye basi na sanduku katikati ya mwaka.

Kwa hiyo sikumwambia yule mama kwamba hakuna hatari. Nilimwambia kuandamana ni jambo moja, kugonga mlango wa ofisi ni jambo lingine. Binti anaweza kuutumia umoja miaka yote mitatu bila kushika bango hata siku moja.

Na tusiwapambe. Ni vijana wa miaka 22. Mwaka wangu wa kwanza rais alitugawia fulana na soda kwenye kampeni, akishapita hata salamu hakuna. Mapato na matumizi hatukusomewa. Kosa lilikuwa letu pia, maana kwenye kikao cha kuuliza tulikwenda watu wachache, wengine tulikuwa tunafua.

Kama una mtoto anaondoka mwaka huu, iwe anakwenda Dodoma, Dar au Mwanza, kaa naye kabla ya safari umwambie haya:

Wiki ya kwanza ajue ofisi ya umoja iko wapi, na aweke kwenye simu namba ya kiongozi wa darasa, waziri wa afya na waziri wa mikopo. Asisubiri shida.

Aombe kitabu cha kanuni akisome, hasa sehemu ya kuahirisha masomo na ya nidhamu.

Akiumwa, akipata mimba, akifiwa, akikosa ada, asiondoke bila karatasi. Nakala moja abaki nayo, nyingine aitume nyumbani.

La mwisho ni letu wazazi. Mwambie kwa mdomo wako kwamba akipata tatizo lolote anaweza kurudi nyumbani na hatapigwa. Mimi nilikuwa nakimbia usiku kwa sababu sentensi hiyo sikuwahi kuisikia. Mama yangu angeweza kuisema, hakujua tu kama inahitajika.

Mama wa Bunda alinisikiliza, akamhamishia mjukuu bega la pili. Akauliza, "Huyo binti wa kandambili yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia ni muuguzi mkoa mwingine, tunapigiana Krismasi. Akasema, "Basi hiyo elfu kumi nitalipa. Ila nitamwambia binti yangu adai risiti."

Na adai kweli!

Nyie mlipokuwa chuo, nani aliwashika mkono? Andikeni hapa chini, kuna mama anasoma anahitaji kujua. Sehemu ya 7 tutarudi kwenye wachanga.