Bastola ya Kike

Usiku mmoja wa Oktoba 2023 dada yangu alinitumia picha tatu za bastola kwenye WhatsApp, na chini yake akaandika: "Ipi nzuri? Ila isizidi dola mia tatu." Nilidhani simu yake imeibiwa. Picha anazonitumia huwa ni za viatu, au za sufuria zilizopunguzwa bei.

Dada anaishi Houston, Texas, na ni miaka mingi sasa. Anatunza wazee majumbani mwao, zamu za usiku. Wiki mbili kabla ya ujumbe ule, mtu alimfuata kwa gari kutoka kituo cha mafuta mpaka mtaani kwa mgonjwa wake. Hakumfanya kitu. Alipaki nyuma yake, akazima taa, akakaa. Dada naye akakaa ndani ya gari, milango imefungwa, anaongea na polisi kwenye simu, mpaka yule mtu alipowasha gari na kuondoka. Polisi walifika baadaye. Hiyo ndiyo hadithi yote, haina damu wala kelele, na mpaka leo sijaweza kuitoa kichwani.

Kwa nini aniulize mimi? Kwa sababu ya JKT. Mimi ni wa lile kundi la kidato cha sita lililopelekwa jeshini mwaka 2013, mpango uliporudishwa baada ya kusimamishwa mwaka 1994. Dada amenizidi miaka saba, kwa hiyo yeye alipita katikati ya pengo hilo, hakukimbia mchakamchaka hata siku moja. Kwake mimi ni komandoo. Ukweli ni kwamba nililala kifudifudi kwenye vumbi, nikapiga risasi chache za SMG huku afande ananifokea, bega likavimba, basi. Bastola sikuwahi kuishika. Lakini nani ana moyo wa kumvunja dada yake heshima anayompa?

Novemba nilikuwa na safari ya kikazi Marekani, nikaongeza wiki mbili za kukaa kwake. Siku ya tatu tukaenda dukani.

Kwanza niseme jambo lililonichekesha. Mimi niliyepitia jeshi sikuruhusiwa kugusa kitu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi kumiliki au kushika bunduki na hata risasi. Kuna msamaha, kwa mfano ukiwa na leseni ya uwindaji, nami sikuwa nayo. Dada ana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo yeye ruksa: kitambulisho, fomu ya serikali inayoitwa 4473, muuzaji anaulizia jina lake kwenye mfumo wa FBI, likitoka safi anaondoka na bastola yake. Na Texas, tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haimkatazi silaha anaweza kutembea na bastola bila kibali chochote. Kwetu mwombaji wa silaha hupita kwanza mikononi mwa polisi na kueleza kwa nini anaitaka. Kule niliona mtu akinunua bastola, na kwenye kaunta hiyohiyo amenunua pipi.

Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Hakumuuliza dada swali hata moja. Alimtazama, akatutazama sote wawili, akafungua kabati la kioo na kutoa kibastola chenye kitako cha zambarau. "Wanawake wengi wanaanza na hii." Ilikuwa Ruger LCP, ya risasi za .380, ambayo ikiwa tupu haifiki gramu 300. Inakaa kiganjani kama kipande cha sabuni ya mche. Bei dola 249. Dada akanigeukia uso umenawiri. Ndogo, nyepesi, inaingia kwenye pochi, chenji inabaki.

Akiwa bado anaitazama, kijana akaweka ya pili: rivolva fupi ya risasi tano. Hii, alisema, haina mambo mengi, unavuta triga tu.

Nilimwomba dada tusilipe siku ile. Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Niliona tu yule kijana alivyochagua kwa kutazama umbo la mnunuzi, kama muuza vitenge anayekukadiria mkono, na mimi muuza vitenge wa namna hiyo nimeshamkimbia mara nyingi Kariakoo.

Kesho yake tukaenda uwanja wa shabaha wa ndani, ambao hukodisha bastola na una mwalimu. Alikuwa mama wa makamo aliyestaafu jeshini, miwani imening'inia kifuani. Nusu saa ya kwanza hakumpa dada chochote chenye risasi. Alimrudishia mambo manne mpaka akayasema bila kusita: kila bunduki ichukulie ina risasi; usiielekeze mahali ambapo hauko tayari kupaharibu; kidole kikae nje ya triga mpaka umeshalenga; jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Nikiwa nyuma ya kioo, vikinga masikio vimenibana kichwa, nilimsikia afande wangu wa 2013, ila huyu hakufoka.

Kisha akampa kile kibastola cha zambarau, maana ndicho dada alichokitaka.

Risasi ya kwanza dada alipiga kelele. Ya pili alifumba macho kabla ya kuvuta triga, hata mimi nilimwona. Baada ya ya tatu aliiweka mezani na kutazama kiganja chake, pale chini ya kidole gumba palipokuwa pamegeuka rangi. Kwenye karatasi, umbali wa hatua kama saba, kulikuwa na tundu moja pembeni. Nyingine mbili Mungu ndiye anajua zilikokwenda.

Mwalimu hakushangaa. Alitueleza kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne angeelewa: nguvu ya risasi kwenda mbele ndiyo nguvu ya bastola kurudi nyuma, na anayeipokea ni uzito wa chuma na mkono wako. Chuma kikiwa chepesi, mkono unabeba zaidi. Kitako kikiwa kifupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, bastola inapinda kiganjani kila inapolia. Ndogo imetengenezwa ili ifichike, na kufichika na kupigika kirahisi ni mambo mawili tofauti. Anayeimudu ni mtu aliyekwisha kujua kupiga. Yaani kile kinachoitwa bastola ya kike ndicho kigumu kuliko vyote vilivyokuwa mezani, na ndicho wanachopewa wanawake wasiowahi kupiga.

Rivolva nayo ilikuwa na hadithi yake. Ni kweli haina mambo mengi, lakini triga yake ni nzito. Dada alilazimika kuivuta kwa nguvu kiasi kwamba mdomo wa bastola uliyumba kabla risasi haijatoka. Tano zikaisha upesi, na kuzijaza tena, vidole vinatetemeka, kulichukua muda ambao mimi nilikuwa nauhesabu bila kutaka.

Halafu mwalimu akaleta za milimita 9, kubwa kidogo, zile ambazo dada dukani alizipita akisema ni za wanaume. Glock 19. Taurus G3C, iliyotengenezwa na kampuni ya Brazil, bei nafuu kuliko zote hizo. Smith & Wesson Shield EZ. Hapa kikwazo hakikuwa teke. Kilikuwa kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili kukoki. Dada alikivuta kwa ncha za vidole, kikakataa. "Mikono yangu haina nguvu," akasema. Mikono inayowageuza wazee wa kilo tisini kitandani kila usiku!

Mwalimu akamwonyesha: bastola isogeze karibu na kifua, mdomo wake uelekee mbele kwenye shabaha, kidole nje ya triga. Chuma kishike kwa kiganja kizima kutoka juu, halafu usivute. Sukuma kitako mbele kwa mkono wa kulia, mwili wote uende nao. Nikaona dada anainama kidogo, bega linaingia, na nikajua mara moja amekumbuka nini. Ni mbuzi ya nazi. Hakuna anayekuna nazi kwa vidole, unakuna kwa mgongo. Chuma kikarudi, klak. Dada akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike.

Ya Glock aliikoki, lakini alipochoka ikaanza kumshinda. Taurus vivyo hivyo, mara inakubali mara inagoma, ingawa aliipiga vizuri na bei ilimkaa moyoni. Shield EZ imetengenezwa makusudi chuma chake kiwe chepesi kuvuta, na magazini yake ina vidude vya kushusha springi wakati wa kujaza. Nyuma ya kitako kuna kizuizi: usipoishika sawasawa, haipigi. Hapo karatasi ilianza kupendeza. Matundu manane yangefunikwa na sahani ya chai.

"Mpya ni zaidi ya mia nne," dada akanong'ona, kama tumesimama mbele ya friji.

Mwalimu alimwambia aache kuhesabu bei ya bastola peke yake, akachukua kalamu na kuandika nyuma ya ile karatasi yenye matundu. Risasi za mazoezi: pale boksi la 50 za milimita 9 lilikuwa dola 16, la .380 dola 24, kwa hiyo kile kibastola cha bei rahisi kingekula zaidi kila Jumamosi. Ada ya uwanja. Darasa la siku nzima. Vikinga masikio, miwani. Ala ngumu inayofunika triga, maana kutupa bastola kwenye pochi pamoja na funguo na lipstiki ni kutafuta msiba. Na sefu. Sefu aliipigia mistari miwili, baada ya kusikia kwamba nyumbani kuna kijana wa miaka 14. Texas ni kosa la jinai kuacha bunduki yenye risasi bila kuifungia, mtoto chini ya miaka 17 akaifikia. Zikijumlishwa, ile 249 ikawa kama kiingilio cha harusi ambayo michango yake bado.

Mimi wakati huo nilikuwa nafikiria sefu kwa sababu nyingine.

Mama yetu alifariki mwaka 2021. Makaratasi ya dada yalikuwa hayajakamilika. Angetoka Marekani asingerudi. Alimzika mama kwenye simu, mimi nikiwa nimeinua mkono juu ya vichwa vya watu ili aone kaburi. Mwaka uliofuata ndoa yake ikaisha. Kulikuwa na miezi alikuwa akinipigia saa nane za usiku wa kwake na kukaa kimya, nasikia tu friji inavyonguruma jikoni kwake. Na kazini kwangu niliwahi kuandika habari ya afya iliyonilazimu kusoma takwimu za Marekani: zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki kule ni watu waliojiua wenyewe. Wanaouza bastola wanazungumza juu ya yule mtu wa kituo cha mafuta. Juu ya saa nane za usiku hawazungumzi.

Kaunta ya dukani niliisoma ile fomu kichwa chini. Inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, kama una kesi, kama unatumia dawa za kulevya, kama umewahi kupelekwa kwa lazima hospitali ya wagonjwa wa akili. Haiulizi kama unalala.

Mimi nimemuuliza waziri kuhusu pesa zilizopotea, nimemuuliza mama aliyefiwa na watoto kwenye ajali. Dada yangu ilinichukua siku nne. Nilimuuliza ndani ya gari, tumepaki nje ya duka la mboga, mvua inanyesha.

"Dada, ile hali ya mwaka jana... uliwahi kufikiria kujidhuru?"

Alizima redio. Muda ukapita.

"Mwaka jana ningenunua," akasema, "na nisingekuuliza ipi nzuri."

Hatukuongea tena mpaka mvua ikapungua. Halafu akaniambia anakunywa dawa tangu Februari, anaona mtu kila wiki mbili, mtoto anajua. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nikamwomba asubiri. Sikumwambia asinunue, niliwaza ile taa iliyozimwa nyuma ya gari lake, nikaona sina haki hiyo, mimi ninayelala Sinza, majirani wakisikia hata nikipiga chafya. Nilimwomba amalize darasa kwanza, apige za kukodi miezi miwili, kisha aamue. Na kwamba siku akirudi kule alikokuwa, bastola iondoke nyumbani kabla hajajadiliana na mtu. Yule mwalimu alisema anaweza kumtunzia kwenye sefu ya uwanja.

Alinunua mwishoni mwa Januari, Shield EZ iliyotumika, dola 320. Alinitumia picha. Niliitazama kwa muda, nikamjibu: "Hongera," nikafuta, nikaandika: "Sawa dada."

Sefu alikuwa amenunua mapema, tukiwa wote, chuma kidogo cha kufunga kwa bolti kando ya kitanda, kinafunguka kwa namba anazozijua yeye tu. Ilikuja na funguo mbili za akiba, ikitokea betri imekufa. Moja aliiacha kazini kwenye kabati lake. Usiku wa kuamkia safari yangu alikuja na ya pili wakati nafunga begi.

"Hii ukae nayo wewe. Mwanao huyu hana mahali asipopekua."

Iko kwenye droo yangu hapa Dar, pamoja na laini za simu za zamani na chaja isiyofanya kazi. Kila Jumapili tukiongea namuuliza kama analala. Siku nyingine anajibu, siku nyingine anabadilisha mada, ananiuliza mchele sasa hivi ni shilingi ngapi kilo.